Umeme wa Ubongo na Sonona ya Vijana

Tarehe 6 Julai, 1924, katika mji wa Jena, nchi ya Ujerumani, kijana wa miaka 17 alikuwa chini ya mikono ya waganga wawili. Wa kwanza alikuwa mpasuaji, Nikolai Guleke, aliyeondoa sehemu ya mfupa wa fuvu la kijana huyo kwa sababu ya uvimbe uliokuwamo ndani ya ubongo. Wa pili alikuwa Hans Berger, mkuu wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Chuo Kikuu cha mji ule. Huyu hakuja kupasua. Alikuja na chombo kiitwacho galvanometa, ambacho kazi yake ni kuonyesha mkondo wa umeme hata ukiwa dhaifu namna gani. Waya zilipowekwa pale palipokosa mfupa, chombo kilitikisika kidogo sana. Katika historia ya elimu mtikisiko ule huhesabiwa kuwa ndio mara ya kwanza umeme wa ubongo wa binadamu kuonwa, na ubongo wenyewe haukuwa wa mtu mzima wala wa mtoto mchanga, bali wa kijana aliyekuwa kati ya utoto na utu uzima.

Berger wakati ule alikuwa na umri wa miaka 51. Alizaliwa mwaka wa 1873 katika kijiji cha Neuses karibu na Coburg. Baba yake alikuwa mganga. Kwa upande wa mama alikuwa mjukuu wa Friedrich Rückert, mshairi mkubwa aliyejua lugha nyingi za Mashariki, naye ndiye aliyefasiri kwa Kijerumani mashairi ya Kiarabu na Kiajemi na sehemu kubwa ya Kurani. Labda ndiyo sababu mjukuu hakuridhika kamwe na habari za nyama na mishipa peke yake. Alianza chuo kwa kusoma hesabu na elimu ya nyota, akaacha, akaenda kutumikia jeshi kwa muda. Siku moja katika mazoezi karibu na Würzburg alianguka kutoka juu ya farasi mbele ya gurudumu la mzinga, akanusurika kwa nafasi ndogo. Jioni ile ilimfikia simu ya maandishi kutoka kwa baba yake, kuuliza hali yake. Dada yake, aliyekuwa mbali naye, alikuwa ameshikwa na hofu ghafula akasisitiza kuwa ndugu yao amepatwa na jambo. Mtu mwingine angalisema ni bahati nasibu, akaendelea na maisha yake. Berger aliamini kuwa wazo la mtu aliye hatarini liliruka likamfikia dada yake, na kama wazo laweza kuruka, basi lazima liwe na nguvu yenye kupimika. Akageukia uganga. Mwaka wa 1897 aliingia katika hospitali ya Jena, na humo akakaa mpaka kustaafu kwake.

Si yeye aliyekuwa wa kwanza kujua kwamba ubongo una umeme. Richard Caton wa Liverpool alikwisha kutangaza habari hiyo mwaka wa 1875, baada ya kuwapima sungura na kima, na Adolf Beck wa Poland alifuata mwaka wa 1890. Lakini hao walipima wanyama waliofunuliwa ubongo. Kumpima binadamu aliye mzima, mwenye fuvu lake na ngozi yake na nywele zake, lilikuwa jambo jingine kabisa. Umeme upitao katika mfupa hadi nje hufika ukiwa sehemu chache tu za milioni ya volti moja, na moyo, macho na misuli ya taya hutoa umeme wao wenyewe unaoweza kuufunika. Kabla ya hapo Berger alikwisha kutafuta nguvu ile katika mwendo wa damu ya ubongo, kisha katika joto la ubongo, kwa miaka mingi na kwa faida ndogo. Alikuwa mtu mkimya, mwenye kushika saa, mkali kwa wasaidizi wake. Wengi wao hawakujua kabisa alilokuwa akilifanya jioni katika chumba chake cha majaribio.

Baada ya kijana yule wa kwanza ilipita miaka mitano kabla Berger hajathubutu kuchapisha neno. Katika miaka hiyo aliwapima wagonjwa wenye matundu ya fuvu, kisha watu wenye mafuvu mazima, na miongoni mwa hao aliyepimwa mara nyingi sana alikuwa mwanawe mwenyewe, Klaus, aliyekuwa kijana wa miaka 15 au 16 hivi. Kijana alikaa kimya chumbani, kipande chembamba cha madini ya fedha kimefungwa kwenye paji la uso na kingine kisogoni, na nuru ndogo ikachora juu ya karatasi ya picha mstari wenye kupanda na kushuka. Ndipo lilipotokea jambo la ajabu, ambalo hata leo mwanafunzi wa kwanza huonyeshwa. Kijana akifumba macho na kutulia, mstari hupanda na kushuka kwa utaratibu, kiasi cha mara 10 kwa sekunde. Akifumbua macho, au akipewa hesabu ya kufanya kichwani, mawimbi yale makubwa hupotea, na mahali pake hubaki mawimbi madogo yaendayo mbio. Yale makubwa Berger aliyaita alfa, na yale madogo beta. Mtu angedhani ubongo ufanyao kazi hutoa umeme mkubwa na uliopumzika hutoa mdogo. Kumbe mambo ni kinyume chake. Ubongo uliopumzika hufanana na watu wapigao kafi kwa pamoja, na ubongo wenye shughuli hufanana na soko.

Makala yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1929, na hadi mwaka wa 1938 zilitoka 14, zote kwa jina lile lile, zikitofautiana kwa namba tu. Wataalamu wa Ujerumani hawakuzijali. Walisema ni mtikisiko wa chombo, au ni misuli ya kichwa. Mambo yaligeuka mwaka wa 1934, wakati Edgar Adrian wa Cambridge, aliyekwisha kupata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1932, alipoyarudia majaribio yale pamoja na Bryan Matthews na kukuta ni kweli. Mwaka wa 1937 Berger alipewa heshima kubwa katika mkutano wa wanasaikolojia mjini Paris. Nguvu ya nafsi aliyokuwa akiitafuta tangu ujana hakuipata. Alipata chombo.

Hapa historia huingia mahali pa giza, na wengi waliomsifu Berger wamepapita upesi. Tarehe 14 Julai, 1933, serikali mpya ya Hitler ilipitisha sheria ya kuwafunga kizazi watu walioitwa wenye maradhi ya kurithi. Maradhi yaliyotajwa yalikuwa tisa. Kifafa kilikuwamo, na wazimu wa furaha na huzuni zinazopokezana ulikuwamo. Mtu wa miaka 14 na zaidi aliweza kulazimishwa kwa nguvu. Mahakama maalum ziliundwa, katika kila moja hakimu mmoja na waganga wawili, na juu yake mahakama za rufaa. Watu wapatao 400,000 walifungwa kizazi kabla utawala ule haujaanguka. Kwa muda mrefu ilisimuliwa kwamba Berger alikuwa adui wa utawala huo, kwamba alifukuzwa kazini, na kwamba alikufa kwa huzuni ya kudhulumiwa. Uchunguzi wa hati za Jena, uliochapishwa mwaka wa 2014, ulionyesha sura nyingine. Berger alistaafu mwaka wa 1938 kwa kuwa umri wake ulifika, naye alikuwa ameketi katika mahakama ya rufaa ya mji ule, ambamo watu walioomba kuepushwa na kisu walikataliwa. Hata baada ya kustaafu, alipoulizwa mwaka wa 1941 kama angependa kurudi katika kazi hiyo, alijibu kwamba yu tayari kwa furaha.

Katika miezi ile ile alikuwa yeye mwenyewe mgonjwa. Moyo ulikuwa dhaifu, na huzuni nzito ilimlemea. Tarehe 1 Juni, 1941, alijinyonga katika hospitali aliyoiongoza kwa miaka karibu 20. Si kazi ya historia kupima ni kiasi gani huzuni ile ilitokana na maradhi na kiasi gani na dhamiri. Lakini mambo mawili hayawezi kuachwa bila kuwekwa ubavu kwa ubavu: mtu aliyefungua njia ya kuutazama ubongo wa mwenye majonzi alikufa kwa majonzi, na kabla ya kufa alikuwa mmoja wa waliohukumu kwamba watu wenye maradhi ya namna hiyo wasizae. Hakuwa na mstari wowote wa galvanometa uliomthibitishia hukumu hiyo. Sheria ilitangulia elimu, na mwenye elimu akaifuata sheria.

Kiswahili kina neno zuri kwa maradhi haya, nalo ni sonona. Mtu husononeka, yaani huumia ndani kwa ndani, polepole, bila jeraha la kuonyesha. Neno hili lina fahamu kuliko majina mengi ya kitaalamu, kwa kuwa halisemi kwamba mgonjwa analia. Vijana wengi wenye sonona hawalii. Hulala mchana, huacha mpira, hugombana na mama zao, hushindwa darasani, na nyumbani huitwa wavivu au wakaidi. Hata wataalamu wa Ulaya na Marekani walichukua muda mrefu kukubali kwamba mtoto aweza kushikwa na ugonjwa huu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wafuasi wengi wa Freud walifundisha kwamba sonona ni kazi ya dhamiri iliyokomaa, na mtoto hana dhamiri ya namna hiyo, basi hawezi kusononeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waganga wa akili za watoto wa Ulaya walikutana Stockholm kuzungumza juu ya sonona ya watoto na vijana, na mwaka wa 1980 kitabu cha waganga wa akili wa Marekani kilikubali kwamba alama zitumikazo kwa watu wazima zatumika kwa vijana pia.

Kwa hiyo chombo kilikuwa tayari miaka 40 kabla ya ugonjwa kukubaliwa. Watoto walipimwa, lakini kwa jina jingine. Katika mwaka wa 1938 Herbert Jasper na Charles Bradley, pamoja na mwenzao, walichapisha habari za umeme wa ubongo wa watoto wenye tabia ngumu waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya Bradley huko Rhode Island, Marekani. Wengi wao walionekana kuwa na mawimbi yasiyo ya kawaida. Haijulikani ni wangapi kati ya hao watoto “wagumu” ambao leo wangeitwa wenye sonona. Lakini yeyote aliyekaa na vijana ajua kwamba ugumu na huzuni hulala kitanda kimoja.

Njia ya kwanza yenye tumaini la kweli ilipitia usingizini. Katika mwezi wa Desemba, 1951, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky, alikuwa na mashine kuukuu na hana fedha. Akafanya kama alivyofanya Berger: akamfunga waya mwanawe Armond, mtoto wa miaka 8, akamlaza. Usiku wa manane kalamu zilianza kucheza kwa nguvu, macho ya mtoto yakienda huku na huku chini ya kope, hali amelala fofofo. Mwaka wa 1953 yeye na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba kuna usingizi wa macho kwenda mbio, ambao wengi huuita usingizi wa ndoto. Mtu mzima mwenye afya hufika katika usingizi huo baada ya dakika 90 hivi. David Kupfer wa Pittsburgh alieleza mwaka wa 1976 kwamba wenye sonona nzito hufika mapema zaidi. Ilidhaniwa kwamba alama ya ugonjwa imepatikana, alama isiyotegemea maneno ya mgonjwa wala hisia za mganga.

Joaquim Puig-Antich, mganga mwenye asili ya Katalunya aliyefanya kazi New York, alitaka kujua kama watoto wanayo alama hiyo. Ilikuwa hoja kubwa kwake, maana wengi walikuwa bado wakibisha kwamba sonona ya mtoto si ile ya mtu mzima. Mwaka wa 1982 alichapisha matokeo ya watoto ambao hawajabalehe. Watoto wale walikuwa wagonjwa bila shaka yoyote, wameshikwa na sonona nzito, lakini usingizi wao haukutofautiana na ule wa watoto wenye afya. Kwa vijana waliobalehe, wachunguzi wengine walikuta tofauti, wengine hawakukuta, wengine walikuta kwa wale tu waliokuwa hospitalini au waliowaza kujiua. Puig-Antich alifariki mwaka wa 1989, katikati ya kazi. Anastahili sifa zaidi ya wengi waliopata jibu walilolitaka, maana alilichapisha lile alilolipata.

Sababu ya kigeugeu hiki iko katika ubongo wa kijana wenyewe. Katika utoto mawimbi ya pumziko huenda polepole, kisha huongeza mwendo mwaka hata mwaka mpaka yafike karibu mara 10 kwa sekunde wakati wa ujana. Usiku mambo ni mengine: yale mawimbi makubwa ya polepole ya usingizi mzito, yaitwayo delta, hupungua sana kati ya miaka 11 na 17. Irwin Feinberg wa California alitoa rai mwaka wa 1982 kwamba upungufu huo ni dalili ya ubongo unaojipogoa, kukata viungo visivyotumika kati ya chembe na chembe, kama mkulima apogoavyo mti. Sasa mpima sonona anataka kuona badiliko dogo juu ya kitu ambacho chenyewe hakikai mahali pamoja. Wavulana wawili wa miaka 14, mmoja amevunja sauti na mwingine bado, waweza kutofautiana kwa mawimbi kuliko mgonjwa na mzima. Ni sawa na kupima urefu wa mashua juu ya maji yanayojaa.

Wengine walirudi kwenye alfa. Tangu miaka ya 1970 Richard Davidson na wenzake walikuwa wakilinganisha upande wa kushoto na wa kulia wa sehemu ya mbele ya ubongo. Kwa kuwa alfa nyingi ni dalili ya kupumzika, walieleza kwamba wenye sonona wana alfa nyingi zaidi upande wa kushoto, yaani upande unaoaminika kumsogeza mtu kuelekea alipendalo ndio uliolala. Jambo lililowatia watu wasiwasi zaidi lilikuwa kwamba tofauti hiyo ilionekana hata kwa wasio wagonjwa. Geraldine Dawson wa Seattle aliiona mwaka wa 1992 kwa watoto wachanga ambao mama zao walikuwa na dalili za sonona, na Andrew Tomarken na wenzake waliiona mwaka wa 2004 kwa vijana wenye mama wa namna hiyo. Je, ni urithi wa damu, au ni malezi ya mikono isiyo na furaha? Mawimbi hayawezi kujibu. Kisha mwaka wa 2017 wachunguzi wa Uholanzi walizikusanya hesabu za majaribio mengi ya watu wazima wakakuta kwamba, ukiyachukua yote kwa pamoja, tofauti ya kushoto na kulia haitoshi kumtambua mgonjwa. Fikra iliyodumu miongo mitatu ikabaki bila nguzo yake kuu.

Njia iliyo bora hadi sasa ni ya unyenyekevu zaidi, nayo yafanana na mchezo. Kijana huonyeshwa milango miwili juu ya kioo cha mashine. Huchagua mmoja. Akibahatika, hupata senti 50. Asipobahatika, hupoteza senti 25. Kati ya robo na theluthi ya sekunde baada ya kuambiwa kwamba amepata, ubongo hutoa wimbi dogo la kuitikia faida. Wimbi hilo ni dogo hata halionekani mara moja; lazima mchezo urudiwe mara nyingi, na mistari ijumlishwe. Katika kisiwa cha Long Island, New York, wachunguzi wa chuo cha Stony Brook waliwapima hivyo wasichana 444 wa umri wa miaka 13 na nusu hadi 15 na nusu, ambao hawakuwa wamepata sonona kabla ya hapo. Wakawafuata kwa miezi 18. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2016: wale ambao wimbi lao la faida lilikuwa dhaifu walielekea zaidi kuanza kuugua sonona katika muda ule. Kwa hiyo furaha ilikuwa imepungua kabla huzuni haijaja, na mwenye kupungukiwa hakujua. Lakini neno ni “walielekea”. Wapo wenye wimbi dhaifu ambao hawakuugua, na wapo wenye wimbi zuri walioanguka. Mganga hawezi kumwita binti mmoja na kumwambia utaugua, wala mzazi hapaswi kuambiwa hivyo.

Hao wote walipimwa Marekani na Ulaya. Afrika ya Mashariki mashine za mawimbi ya ubongo zipo katika hospitali kubwa, na kazi yao kubwa ni kifafa. Kuna na jambo la nywele, ambalo laonekana dogo lakini si dogo. Elektrodi lazima iguse ngozi ya kichwa, na vyombo vilibuniwa kwa nywele laini zinazolala. Nywele nzito za kipilipili, au zilizosukwa, huinua elektrodi juu, na mara nyingi watu wenye nywele hizo wameachwa nje ya majaribio. Mwaka wa 2020 wataalamu wa Carnegie Mellon, Pittsburgh, walitangaza vibanio vya elektrodi vinavyoshika baina ya mistari ya misuko. Kwa chombo chenye umri wa karibu miaka mia, ni kuchelewa kwa namna yake.

Shirika la Afya Ulimwenguni lakisia kwamba kijana mmoja katika kila saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana ugonjwa wa akili wa namna fulani, na kwamba katika mwaka wa 2021 kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29. Mbele ya hesabu hizo tamaa ya kupata kipimo yafahamika. Mwaka wa 2013 serikali ya Marekani iliruhusu chombo cha mawimbi ya ubongo kimsaidie mganga kuwatambua watoto wasioweza kutulia na kushika mambo. Kwa sonona hapakuruhusiwa kitu kama hicho. Kitabu cha waganga wa akili wa Marekani kilichotoka mwaka huo huo chataja alama tisa za sonona, ambazo tano kati yake lazima zidumu kwa majuma mawili, na chaongeza kwamba kwa watoto na vijana hasira yaweza kushika mahali pa huzuni. Alama hizo huulizwa kwa mdomo. Mganga huvuta kiti, humwomba mzazi atoke nje kidogo, na kumwuliza kijana analala saa ngapi, anakula nini, ni kitu gani alichokuwa akikipenda ambacho sasa hakipendi, na kama amewahi kufikiri kwamba heri asingalikuwapo.